Amri ya Kuzima Sauti ya Pili

Siku ya ishirini na nane baada ya kumzika mumewe, Paskazia aliifungua kompyuta ya marehemu kwa mara ya kwanza, na hakuifungua kwa kupenda. Viongozi wa kwaya ya kigango walikuwa wamekuja jana yake, watu watatu, wakakaa kwenye makochi, wakanywa soda, wakazungumza habari za mvua na bei ya dagaa, wakazunguka weee, mpaka mmoja wao, Odeta, akachoka akasema kilichowaleta. Mwalimu wao, Jonathan Mashimba, alikuwa ametunga wimbo mpya. Aliwaambia unaitwa "Ng'ambo", akawaahidi kuwafundisha akipata nafuu. Nafuu haikuja. Sasa kwaya ilitaka kuuimba kwenye misa yake ya arobaini, na makaratasi hayaonekani popote. Kama wimbo upo, basi umo ndani ya kompyuta.

"Tungemtuma Elias wa kinanda aje kuuchukua," Odeta alisema, "ila tumeona si vizuri mtu kuingiza mkono kwenye vitu vya marehemu kabla yako wewe, Mama Sabina."

Paskazia alijibu kwamba ataangalia. Hakumtazama Odeta usoni. Odeta ndiye aliyekuwa anaongoza sauti ya pili, nafasi aliyoishika Paskazia miaka kumi na minne. Hakuna aliyemfukuza, aliiacha mwenyewe, lakini kumkuta mwenzako amekaa kwenye kiti chako kunakera hata kama ulikiinukia kwa hiari yako.

Ni vizuri kusema wazi kwa nini aliiacha, maana watu wa Mkolani wameshalisema jambo hili kwa namna nyingi, na karibu zote ni za uongo. Wapo waliosema alifumania. Wapo waliosema aliokoka akahamia kwa walokole. Watu wakikosa habari huipika.

Ukweli ni huu. Jonathan na Paskazia walijuana kwaya. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya, na aliimba besi. Paskazia aliimba sauti ya pili, tena ile ya chini kabisa, inayokaribia ya wanaume. Sauti ya pili ni kazi ya watu wavumilivu. Wa kwanza wanapewa wimbo wenyewe, na wengi wao hata hawajui kwamba kuna wengine kanisani. Wa tatu wanapewa mahali pa kujionyesha, wa nne wanapewa ngurumo. Wa pili wanapewa noti tatu wazunguke humo humo, na hakuna anayewasifu, ila siku wasipokuwapo wimbo unapooza kama uji wa jana.

Nyumbani kwao, jioni, Jonathan alikuwa akikaa sebuleni na karatasi lake anaimba besi ya wimbo anaoutunga, na Paskazia jikoni, bila kuona karatasi, anatafuta sauti ya pili kwa sikio na kuijibu. Jonathan akisikia kitu kizuri kutoka jikoni anakiandika hivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kusifu. Akipenda anasema neno moja, "Tena," na Paskazia anarudia, na ugali unaungua kidogo. Baadaye binti yao Sabina alipopata umri wa kushika wimbo, akawaingilia kati na sauti ya kwanza. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza katika nyumba ile. Mambo mengine, ya ada na ya paa kuvuja, waliyasema kwa maneno kama watu wengine.

Sabina alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Walimlea kwa hesabu ya vidonge na maji mengi na hofu, na akafika miaka kumi na mmoja. Jumamosi ya kuamkia Matawi maumivu yalimshika asubuhi, akapewa dawa, akalala. Mazoezi yalikuwa saa tisa. Jirani alikubali kukaa naye. Wazazi wakasema, ni kwa saa mbili tu, na kesho ni Matawi, nani atashika sauti ya pili? Wakaenda wote wawili. Simu ya Paskazia ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya benchi, na jirani alipiga mara tisa. Mara tisa zote walikuwa wanaimba. Sabina alifariki hospitali jioni ile ile, kabla ya giza.

Baada ya maziko Paskazia aliikunja sare ya kwaya, akaiweka chini ya sanduku, akamwambia mumewe, "Jonathan, usije ukaniambia tena habari ya kuimba. Usiniulize kwa mdomo wako mpaka tufe."

Jonathan alisema, "Nimesikia."

Na kweli hakuuliza. Baada ya mwezi yeye alirudi kwaya, na Paskazia hakuweza kulisamehe hilo. Lakini kuna lingine lililomuuma zaidi, ambalo hakumwambia mtu, hata padre: kwamba mwaka ulipopita, alianza kusubiri aulizwe. Angekataa, ndiyo. Ila alitaka aulizwe. Binadamu ndivyo tulivyo, tunafunga mlango kwa ufunguo halafu tunanuna kwamba hakuna anayebisha.

Badala ya kumuuliza, Jonathan alinunua kompyuta. Ilikuwa chakavu, imepitia mikono ya watu wengi, na baada ya wiki tatu ikagoma kuonyesha picha. Elias, mpiga kinanda wa kwaya, mwenye steshenari Mabatini, aliifungua akajikuna kichwa, kisha akaiwekea mfumo usiohitaji picha. Ukiiwasha unapata kioo cheusi na herufi nyeupe na kialama kinachopepesa. Huna cha kubofya. Unaandika amri kwa mkono, mstari mmoja, unabonyeza enta, nayo inatii. Jonathan aliipenda. Alisema inafanana na ubao wa darasani.

Nyimbo zake alizihifadhi kama faili za midi. Midi, kwa asiyejua, si sauti ya mtu wala si rekodi. Ni maagizo tu: piga noti hii, ishike kiasi hiki, iache. Kompyuta inasoma maagizo na kuyaimba kwa sauti yake yenyewe, nyembamba, isiyo na maneno, kila sauti ya kwaya katika njia yake. Siku hizi kwaya nyingi zinafundishwa hivyo. Mwalimu anaunganisha spika, mashine inaimba, watu wanafuata.

Paskazia wakati huo alikuwa anashona sare za shule, na cherehani yake ilikaa kwenye korido, kati ya jikoni na sebule. Jioni ya kwanza Jonathan alipowasha midi, saa kumi na mbili hivi, yeye alikuwa anakata kola. Mkasi ukasimama. Alikuwa ameacha kwaya, lakini sikio lake halikuwa limestaafu. Akaisikia sauti ya kwanza. Akaisikia ya tatu. Besi aliimba Jonathan mwenyewe kwa kinywa chake. Sauti ya pili haikuwapo. Mahali ilipopaswa kupita palikuwa patupu.

Akadhani ni wimbo usiokamilika. Ukapigwa wa pili, wa zamani, ambao sauti yake ya pili ilizaliwa jikoni kwake mwenyewe akichambua mchicha. Nayo haikuwapo. Wa tatu, haikuwapo. Ndipo alipoelewa, au alipodhani ameelewa: ameniondoa. Mwenzangu ameimba na mashine, na katika mashine ameniondoa.

Akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu mpaka meza ikatetemeka. Na jioni iliyofuata hivyo hivyo. Miaka mitatu, saa kumi na mbili jioni, nyumba ile ilikuwa na midi sebuleni na cherehani koridoni, na kati yake hakuna neno lililovuka. Walikula pamoja, walilala pamoja, walizikiana ndugu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa nyumba ile ulifunikwa na cherehani.

Kisha moyo wa Jonathan ukatanuka. Madaktari walisema hivyo, moyo umetanuka, na Paskazia alifikiri jinsi lilivyo neno zuri kwa ugonjwa mbaya namna ile. Miguu ikavimba, pumzi ikapungua, akawa analala ameegemea mito mitatu. Paskazia alimuuguza vizuri, hakuna wa kumlaumu. Alimwosha, alimlisha, alimvisha soksi. Jioni bado aliomba apelekwe sebuleni kwenye meza, na Paskazia akimfikisha alirudi kwenye cherehani. Mwezi wa sita akafa.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo moyoni alipoifungua kompyuta, siku ile ya ishirini na nane.

Chini yake kulikuwa na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Jonathan alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na neno la siri aliliandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu, kana kwamba siri ni somo la kunakili. Chini yake hatua moja moja, kwa mwandiko ule wa mwalimu. Washa. Subiri. Andika jina. Andika neno la siri, halitaonekana, usiogope. Kisha: *Kurudia amri iliyopita, usiandike upya. Bonyeza mshale wa juu.*

Paskazia akafuata. Alipobonyeza mshale, kwenye kioo cheusi ukatokea mstari mmoja:

timidity -Q2 ngambo.mid

Basi huo hapo wimbo. Akabonyeza enta. Spika ikakoroma, kisha muziki ukaanza. Ulianza taratibu, sauti ya kwanza peke yake, mstari unaopanda na kushuka. Ikaingia ya tatu, ikaingia besi. Besi nayo ilitoka kwenye mashine, kavu, noti baada ya noti, bila cherehani ya kuifunika, na kusikia besi isiyo ya Jonathan katika sebule ile kulimfanya ashike ukingo wa meza. Katikati ya yote palikuwa patupu, kama kawaida. Hata wimbo wa mwisho wa maisha yake, alifikiri, hakunitia.

Angeishia hapo. Angemwita Elias achukue faili lake na mambo yaishe. Lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya mshale, akaubonyeza tena. Ukaja mstari wa kabla ya ule, nao ni ule ule, wimbo ule ule. Akabonyeza tena na tena. Ng'ambo, Ng'ambo, Ng'ambo, majuma mazima ya Ng'ambo. Akarudi nyuma zaidi, zikaanza nyimbo nyingine, za Krismasi, za sadaka, za zamani kabisa, na mistari ikabadilika kidogo tu: -Q2,4. Tena -Q2,4. Jioni zote za miaka mitatu zilikuwa zimelala mle ndani kwa mpangilio, moja juu ya nyingine, na kila moja ina ile mbili.

Akarudi kwenye daftari. Ukurasa wa nne, chini ya mstari uliochorwa kwa rula, alikuta maana yake:

*timidity ni kupiga wimbo. -Q ni kuzima. 1 soprano, 2 alto, 3 tena, 4 besi. Mfano: -Q2 = sauti ya pili imezimwa.*

Aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Sauti ya pili imezimwa. Miaka mitatu alikuwa ameshuku, na kushuku kuna nafuu yake, maana unajiambia huenda nimekosea. Sasa ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mumewe. Haikutokea kwa bahati mbaya, wala nyimbo hazikuwa pungufu. Kila jioni mtu yule aliketi hapo akaandika kwa vidole vyake amri ya kumzima, akabonyeza enta. Paskazia alilia kwa hasira. Tangu msiba alikuwa hajalia kwa hasira, alikuwa amelia kwa huzuni tu, na akagundua hasira kwa maiti haina pa kwenda.

Kesho yake aliifunga kompyuta ndani ya kitenge, akapanda bajaji hadi Mabatini. Alitaka kuikabidhi, asiione tena.

Steshenari ya Elias ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na kinanda kilichofunikwa kanga. Elias alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kupiga vidole mezani hata pasipo na muziki. Alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Elias. Nimeleta wimbo wenu."

"Karibu ukae. Poleni bado."

"Tumeshapoa." Hakuwa amepoa, na Elias alijua, lakini ndivyo inavyojibiwa.

Elias akaiwasha kompyuta, akanakili faili kwenye flashi, kisha akasema ngoja tuusikilize. Akaandika amri kwa kasi, na Paskazia, aliyekuwa amekwisha kuikariri, akaona kwamba ile -Q2 hakuiweka.

Wimbo ukaanza. Sauti ya kwanza, taratibu. Ya tatu. Besi. Na chini ya ya kwanza, karibu na besi, ikaingia sauti ambayo Paskazia hakuwahi kuisikia: sauti ya pili. Ilikuwapo. Ilikuwa imeandikwa yote, mwanzo hadi mwisho. Wala haikuzunguka kwenye noti tatu. Ubeti wa pili ilibeba wimbo wenyewe, na zile nyingine zikaisindikiza.

Elias aliacha kupiga vidole. "Mbona ameishusha hivi? Huku chini Odeta hafiki. Hakuna alto yeyote kwetu anayefika huku." Akawa kama mtu aliyesema jambo asilopaswa.

"Kumbe aliiandika," Paskazia alisema.

"Aliandika nini, mama?"

"Sauti ya pili. Miaka mitatu nasikia nyimbo zake pale nyumbani, sauti ya pili haipo. Jana nimesoma kwenye daftari lake. Alikuwa anaizima. Kila siku, kwa mkono wake." Alijitahidi kusema kwa sauti ya kawaida. "Mimi niliacha kwaya, sawa. Lakini mtu na mkewe, Elias. Kunizima kila jioni hapo hapo nilipo. Nilimkosea nini mpaka asitake hata mashine imkumbushe?"

 Elias akainuka, akaenda kufunga mlango wa duka nusu, wateja wasiingie, akarudi akakaa.

"Mama, wewe uliondoka kabla hatujaanza kutumia midi, siyo?"

"Niliondoka kabla."

"Basi hukuwahi kuona tunavyofanya mazoezi siku hizi. Mwalimu ndiye aliyeweka huo utaratibu. Akifika, kabla ya kuwasha, anauliza. Besi mmefika? Wakiitika, anazima besi kwenye mashine, maana wenyewe wapo, wataimba. Sauti ya tatu mko wangapi? Kama yupo mmoja tu na anakohoa, anaiacha mashine iimbe sauti hiyo. Alikuwa anasema mashine ni ya kuwashikia nafasi wasiokuwapo." Akaonyesha kompyuta kwa kidole. "Sauti inayozimwa ni ya mtu aliyefika, mama. Anayezimwa ndiye anayesubiriwa aimbe."

Nje bodaboda zilipita.  Paskazia alikuwa anaihesabu upya miaka mitatu, jioni kwa jioni, na kila jioni aliyoigusa ilikuwa imegeuka. Jonathan sebuleni anaandika amri yake. Anazima mbili na nne, yaani mimi nipo na mke wangu yupo. Anaanza kuimba besi na kuacha pengo la upana wa sauti moja, anasikiliza upande wa jikoni. Na kutoka upande wa jikoni inakuja cherehani. Anamaliza wimbo. Kesho anaandika tena.

Alimwambia asiulize kwa mdomo, naye hakuuliza kwa mdomo.

"Mbona hakusema," Paskazia alisema, na jibu alikuwa nalo kabla hajamaliza.

 Elias alikuwa anabonyeza mshale, anatazama mistari inavyorudi nyuma.

"Hapa mwishoni," Paskazia akasema, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Za zamani ni mbili na nne. Hizi za mwisho, ile nne haipo. Kwa nini?"

Elias alitazama. Akabonyeza mbele, akarudi nyuma, mpaka akapata mahali mistari ilipobadilika.

"Hii itakuwa baada ya Pasaka," alisema polepole. "Pumzi ilikuwa imekwisha, mama. Asingeweza tena kuimba besi. Kwa hiyo akairudisha kwenye mashine."

Alisema hivyo kama jambo la kiufundi, halafu yeye mwenyewe akalisikia alilolisema, akainamisha kichwa. Paskazia alikuwa amelielewa kabla yake. Jonathan alijihesabu hayupo. Miezi miwili kabla ya kufa, aliketi pale na mito yake, akaondoa namba yake mwenyewe kwenye orodha ya waliofika. Ya mkewe aliiacha.

Elias alimtengenezea chai kwenye birika la umeme, na Paskazia akainywa yote kwa sababu hakujua la kufanya na mikono. Alipoaga, Elias alimsindikiza hadi barabarani na kompyuta ndani ya kitenge. Ile habari ya Odeta kutofika chini hakuirudia. Paskazia alimshukuru moyoni kwa hilo, na akajua pia kwamba amechoka kushukuru watu kwa kutomuuliza.

"Mwambie Odeta nitakuja mazoezini Alhamisi," alisema akiwa ameshaingia kwenye bajaji. "Mwambie sijaja kumwondoa. Ni wimbo mmoja tu."

"Nitamwambia, mama."

Nyumbani aliweka kompyuta mezani, mahali pake. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Akaenda koridoni, akaifunika cherehani kwa kitambaa, kwanza akaichomoa sindano, kama mtu anayesafiri. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, pazia la mlango linavutwa ndani na nje. Majirani walikuwa wanarudi kutoka kazini. Alikaa kwenye kiti cha Jonathan, ambacho hakuwahi kukikalia, akaona kutoka pale mlango wa jikoni unaonekana wote, na nusu ya korido. Mgongo wake mwenyewe, akikaa kwenye cherehani, ungeonekana vizuri sana kutoka pale.

Alifikiria kuandika amri yake mwenyewe. Angeweza kuandika mbili na nne, kama zamani, kwa heshima, kama kumwekea sahani mezani. Vidole vikakaribia. Lakini mwimbaji wa besi hakuwapo, hata angeizima vipi, na Jonathan mwenyewe alikuwa amelisema hilo wazi kuliko yeyote. Akaandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, akilinganisha na daftari:

timidity -Q2 ngambo.mid

Akabonyeza enta.

Sauti ya kwanza ikaanza peke yake. Paskazia aliihesabu kama alivyofundishwa, kwa kidole gumba juu ya paja. Ilipofika zamu yake alifungua kinywa na hakikutoka kitu ila pumzi. Mashine haikumsubiri, mashine haijui kusubiri, ikaendelea na besi yake kavu na pengo likapita. Akaingia kwenye mstari wa tatu. Sauti ilitoka imekwaruza, imepinda, sauti ya mwanamke aliyekaa kimya miaka minne, lakini ilikuwa chini, mahali pake, na noti ilikuwa sahihi. Maneno hakuyajua, midi haina maneno. Akaimba kwa "la". Ubeti wa pili, pale wimbo ulipohamia kwake, machozi yalimziba akaukosa mstari mzima, akashika unaofuata. Jonathan alikuwa ameupanga hivyo ili asikie kutoka jikoni, na sasa yeye anauimba kutoka kwenye kiti cha Jonathan, na jikoni hakuna mtu.

Ukaisha. Spika ikavuma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo kile kialama kikarudi kupepesa.

Bila kujua, alikuwa ameinua kichwa, anasubiri. Mwili ulikuwa unasubiri neno lile moja la Jonathan, "Tena," alilokuwa akiambiwa zamani akiwa ameinamia sufuria. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko inavyoleta maana. Kisha akashusha macho, akabonyeza mshale wa juu.